Panga Lisilo na Udongo

"Usipumulie juu yake," Judith alisema. "Na usiegemee meza."

Inspekta Modesta Mkude alirudi nyuma, mikono ikiwa mgongoni. Kioo chembamba kilikuwa kimelazwa juu ya kopo la maji yanayochemka, na juu ya kioo kulikuwa na kipande cha karatasi kilicholoweshwa rangi ya kijani. Mvuke ulipanda taratibu. Kila karatasi ilipoanza kukauka, Judith aliongeza tone jingine la rangi, kisha akasubiri tena.

"Rangi hii haiingii bila moto?"

"Kwa bakteria wa kawaida inaingia tu. Kwa spora haiingii mpaka uichemshie." Judith, mtaalamu wa maabara ya mifugo pale mjini Morogoro, alizungumza akiwa nyuma ya barakoa, macho yake hayakutoka kwenye kioo. "Bakteria wa aina hii mambo yakimwia magumu anajifungia ndani ya ganda. Jua halimwui, ukame haumwui, sabuni haimwui. Ganda hilo ndilo spora. Joto linalilegeza, rangi inapenya, na ikishapenya haitoki hata uoshe. Sehemu nyingine zote maji yanazivua ukijani, halafu nazipaka nyekundu. Mwisho unaona mwili mwekundu na punje ya kijani ndani yake. Kama ipo."

Kilichokuwa kwenye kioo kilitoka shingoni mwa Castory Mbena.

Modesta aliiona shingo hiyo jana, Alhamisi, kwenye meza ya chumba cha maiti. Castory alikuwa na bucha katika kijiji cha Lusungi, juu ya Matombo. Alikatwa mapanga Jumatano mchana mbele ya mlango wa bucha hiyo. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimeondoka pamoja na kipande cha kiganja, kwa sababu aliuinua kujikinga. Taya lilikuwa limevunjwa kwa jiwe. Miguu iliungua hadi magotini. Walimrundikia majani makavu ya migomba wakayawasha, na mvua ndiyo iliyouzima moto, si mtu. Lakini kilichomuua, daktari alisema, ni pigo moja la nyuma ya shingo lililofika mfupani.

"Haya mengine yamepigwa na watu wenye hasira," daktari alisema, akipitisha kidole hewani juu ya mabega yaliyochanwachanwa. "Hili limepigwa na mtu aliyesimama vizuri, akalenga."

Kisa kilikuwa kinajulikana na kila mtu Matombo. Jumapili ya wiki iliyopita Lusungi walikuwa na sherehe ya kipaimara. Nyama ilitoka bucha ya Castory. Siku chache baadaye wanaume watatu wa kijiji walianza kuumwa, wakavimba, wakafa mmoja baada ya mwingine. Kwenye maziko ya wa mwisho, aliyeitwa Erick, mtu mmoja akasema kwamba Castory aliwalisha kibudu, nyama ya ng'ombe aliyekufa mwenyewe. Watu waliondoka kaburini na majembe na mapanga yao wakaenda moja kwa moja buchani.

Judith alizima moto. Alikiacha kioo kipoe, akakiinamisha chini ya bomba. Maji ya kijani yalitiririka, kisha yakawa meupe. Akamimina rangi nyekundu, akasubiri, akaosha tena, akakikausha kwa karatasi bila kusugua. Akadondosha tone la mafuta, akakaa kwenye hadubini. Alitazama kwa muda mrefu. Halafu akasogea.

Modesta aliinama. Mwanzo aliona ukungu. Alipozungusha gurudumu dogo, ukungu ukawa vijiti vyekundu vilivyoungana kichwa kwa mkia, kama pingili za muwa, na katikati ya kila pingili kulikuwa na punje ya kijani.

"Kimeta," alisema. Ule ugonjwa wa mifugo unaoua hata watu.

"Mimi sijasema hivyo."

"Ulisema kijani ni spora."

"Kijani ni spora. Lakini milima yote ile imejaa bakteria wenye spora, wanakaa kwenye udongo. Kimeta ana ndugu zake humo humo, wanafanana kama watoto wa tumbo moja. Panga la shambani likikukata, linakutia udongo, na udongo una kijani." Judith alivua glavu moja, akachukua nyingine. "Nilichoweza kuona ni hiki. Vidonda vyake vingine vina udongo wa kawaida. Mikono yake, udongo na mafuta ya nyama. Kisu chake cha kuchinjia ulichoniletea, damu na mafuta basi. Minyororo hii mirefu iko shingoni tu."

Modesta aliwaza kidogo. "Wakili atasema alikuwa mchinjaji. Ameshika kibudu, akajipaka mwenyewe."

"Basi ingekuwa mikononi na kwenye kisu kabla ya shingoni. Na usiseme alikuwa mgonjwa. Mtu aliyekufa papo hapo hana muda wa kuumwa. Hawa hawakuota ndani yake, Inspekta. Waliletwa, tayari wakiwa ndani ya maganda yao. Na ndani ya mnyama ambaye hajafunguliwa hawatengenezi ganda. Wanasubiri damu ipate hewa."

"Kwa hiyo panga lilifungua mnyama kwanza, damu ikakaukia juu yake, ndipo likamkata Castory."

"Kama ni kimeta," Judith alisema.

Kwenye meza ya pembeni kulikuwa na mapanga ya Lusungi, kila moja ndani ya mfuko wake na jina la mwenyewe. Polisi waliyakusanya jana na hakuna aliyebisha. Wote walikuwa wameyasugua kwa majivu na mchanga wa mtoni mpaka yanang'aa kama yametoka dukani. Lakini watu wa milimani hufunga mipini ya mapanga kwa ukanda wa mpira wa tyubu ili mkono usiteleze wakati wa mvua, na hakuna aliyekumbuka kuufungua. Judith aliufungua. Chini ya mpira kulikuwa na udongo, jasho na utomvu wa migomba, vimeshikana kama gundi. Alikuwa amepaka kila mmoja kwenye kioo chake.

"Yote yana kijani?" Modesta aliuliza.

"Yote, na ni fujo. Fupi, nene, nyingine zimevimba upande mmoja kama rungu. Udongo. Minyororo kama ile sijaiona hata kwenye moja." Judith aligonga mfuko wa mwisho kwa kalamu. "Ila hili. Hili halina kitu."

"Halina kimeta?"

"Halina kitu chochote. Halina udongo, halina jasho. Nimerudia. Mpini umeoshwa kwa dawa kali, harufu yake bado ipo, ukafungwa mpira mpya."

Modesta aligeuza mfuko asome jina. Anselmi Kobelo. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee mwenye sauti nzuri ya kwaya. Yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba jana akiwahimiza watu watoe mapanga yao, na lake aliliweka juu ya lundo, la kwanza.

"Mtu anaruhusiwa kubadilisha mpira," Modesta alisema.

"Anaruhusiwa."

"Na anayeogopa polisi anaweza kuosha panga hata kama halijagusa mtu."

"Mimi nasoma vioo tu," Judith alisema. "Ukitaka nikuambie zaidi, niletee mpira wa zamani."

Simu ya Modesta iliita. Ilikuwa ni Sajenti Saidi wa kituo kidogo cha Matombo, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na kelele.

"Afande, wamefika. Wanamtaka Jastin."

Jastin alikuwa mdogo wake Castory na msaidizi wake buchani. Alikuwa mahabusu, nusu kwa tuhuma za kuuza kibudu, nusu kwa sababu nje ya mahabusu asingemaliza siku.

"Ni nini kimewatuma leo?"

"Kuna mtu ameweka kwenye grupu la kijiji kwamba maabara imesema nyama ya Castory ilikuwa na kimeta."

"Maabara haijasema kitu."

"Njoo uwaambie wewe, Afande. Mimi wamenivunjia dirisha."

* * *

Barabara ya Matombo ilikuwa imeliwa na mvua, na dereva aliendesha huku gurudumu moja likiwa shimoni na jingine ukingoni. Walipokaribia kituo walisikia mabati yakipigwa mawe.

Umati ulikuwa umekizunguka kituo pande zote. Wengi walikuwa vijana, wengine akina mama wenye khanga za msiba bado viunoni. "Mtoe mla watu!" walipiga kelele. "Mtoe, tumchune kama alivyowachuna ng'ombe wafu!" Kijana mmoja alikuwa amepanda mabegani mwa mwenzake penye dirisha la mahabusu, ameingiza ngowe, fimbo ndefu yenye ncha ya chuma ya kuangulia matunda, na alikuwa anaisukuma na kuivuta. Ndani mtu alipiga yowe. Ngowe ilitoka na damu, na watu wakashangilia.

Modesta alimshika kijana mguu akamvuta. Kijana alianguka na mwenzake, na kabla hawajainuka jiwe lilimpata Modesta juu ya jicho. Aliona weupe. Akapiga goti, akainuka, damu ikimwingia jichoni, akasikia konstebo wake akikoki bunduki.

"Usipige," alisema. "Elekeza juu, usipige."

"Jamani!" Sauti ilitoka kwenye ngazi za kituo. "Jamani, inatosha. Tuiache serikali ifanye kazi yake."

Umati ulinyamaza. Haukunyamaza polepole, ulinyamaza kama redio iliyozimwa. Anselmi Kobelo alisimama juu ya ngazi, mikono miwili imeinuliwa, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni. "Rudini nyuma. Wewe Fidelis, tupa hilo jiwe. Mnataka kumpiga mama wa watu?" Watu walirudi nyuma. Fidelis alitupa jiwe.

Modesta alipanda ngazi akijikandamiza kitambaa usoni.

"Shikamoo, mzee Kobelo."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Umeumia."

"Kidogo. Leo wamekusikia haraka."

"Tunaelewana nao."

"Jumatano uliniandikia maelezo kwamba uliwakataza wakakataa kukusikia."

Anselmi alitikisa kichwa kwa huzuni. "Jumatano walikuwa wametoka kaburini, mwanangu. Mtu aliyetoka kaburini ana masikio?"

"Ni kweli," Modesta alisema, akaingia ndani.

Jastin alikuwa amekaa sakafuni chini ya dirisha. Ngowe ilikuwa imemchana mkono kuanzia kiwiko mpaka karibu na kifundo, na nyama ilikuwa wazi. Sajenti Saidi alikuwa anamfunga kwa shuka la kitanda cha zamu.

"Unaweza kuzungumza?"

"Mdomo haujachanwa, Afande."

"Ng'ombe wa kipaimara. Alitoka wapi?"

"Wetu. Kaka alimchinja Jumamosi, akiwa hai, amesimama kwa miguu yake, mbele ya mke wake na mbele ya katekista. Muulize katekista."

"Nimemuuliza. Amesema hivyo hivyo. Kuna ng'ombe mwingine?"

Jastin alimtazama Sajenti Saidi, kisha sakafu. "Siku moja kabla ya hapo mwenyekiti alikuja buchani. Alisema ng'ombe wake ameumwa na nyoka, amekufa, ila nyama bado nzuri, Castory amwuzie kwa siri, achanganye na ya sherehe. Kaka akakataa. Akamwambia, mzee, mfukie huyo, la sivyo nampigia bwana mifugo."

"Akampigia?"

"Bwana mifugo alikuwa Turiani msibani. Kaka alisema atamwambia akirudi."

"Na mwenyekiti alijua hilo?"

"Kaka hakuwa mtu wa siri. Alimwambia usoni."

"Nani alimfungua huyo ng'ombe?"

"Erick na wale wenzake wawili. Walipewa nyama, ndiyo malipo yao."

"Wale watatu waliokufa."

"Wale wale."

"Kwa hiyo mashahidi wako wote wamekufa."

"Na mshitakiwa wako ni mimi," Jastin alisema.

"Kwa nini hukuyasema haya mapema?"

"Jumatano nilikuwa juu ya mfenesi, Afande, nawaangalia wanavyomkata. Nilikaa humo mpaka mliponishusha. Nilivyoshuka nikasikia mwenyekiti ndiye anayewapa polisi maji ya kunywa." Aliinua mkono uliofungwa akautazama. "Ungekuwa wewe ungesema?"

Modesta alitoa simu yake akatafuta picha alizopewa hospitali ya misheni. Wanaume watatu, siku zao za mwisho. Mikononi, kwenye viganja na juu ya vifundo, wote walikuwa na vidonda vyeusi vilivyokauka katikati kama vimechomwa na sigara. Wiki nzima watu walisema ni nyama waliyokula. Lakini anayekula kwenye chungu cha sherehe haoti kidonda mkononi, na waliokula chungu kile walikuwa kijiji kizima.

Hata hivyo, alijiambia, haya ni maneno ya mtu anayetaka kuishi. Mwenyekiti naye ana maneno yake. Kilichobaki ni mpira.

* * *

Nyumba ya Anselmi ilikuwa juu kwenye mteremko, kati ya migomba na mistari ya mdalasini. Anselmi alitembea mbele yao mwenyewe, akisalimia watu. Mkewe, Agnes, alikuwa jikoni nje akipuliza moto. Alikuwa na kitambaa cheusi kichwani. Erick, yule aliyezikwa Jumatano, alikuwa kaka yake.

"Mzee, mpini wa panga lako una mpira mpya," Modesta alisema walipofika uani.

"Wa zamani ulilika."

"Uko wapi?"

"Niliutupa."

"Wapi?"

"Mwanangu, nani anakumbuka alipotupa takataka?" Alitabasamu. "Na kama unataka kutazama, una hati ya upekuzi? Nauliza kwa utaratibu tu. Mimi ni kiongozi."

Sajenti Saidi alimtazama Modesta. Hati ilikuwa Morogoro, na Morogoro ilikuwa mbali. Modesta alizaliwa Kilakala, mjini, lakini mama yake alikuwa Mluguru wa huku huku, na alijua kwamba huku nyumba na shamba hufuata upande wa mama. Aligeuka kuelekea jikoni.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

"Marahaba. Nimeshapoa."

"Nyumba hii ni ya nani?"

Anselmi alicheka. "Swali gani hilo?"

Agnes aliweka chini kuni aliyoishika. "Ya mama yangu," alisema. "Na kabla yake, ya mama yake. Shamba lote hili ni la lukolo yetu, la ukoo wetu. Yeye alikuja kuoa hapa."

"Na mkubwa wa ukoo alikuwa Erick."

"Alikuwa Erick. Sasa nimebaki mimi."

"Basi naomba ruhusa yako, mama, si yake."

"Agnes," Anselmi alisema, "ingia ndani."

Agnes hakuingia. Alimtazama Modesta, akatazama damu iliyokauka juu ya jicho lake. "Unatafuta nini?"

"Natafuta kilichomuua Erick."

"Kilichomuua kinajulikana. Nyama ya Castory."

"Nyama ya Castory ulikula na wewe?"

"Tulikula wote."

"Erick alikuwa na vidonda mikononi."

Agnes alitazama viganja vyake mwenyewe. "Nilikuwa namkanda kwa maji ya moto. Vyeusi. Havikuwa vinamuuma. Nilidhani ameungua."

"Vidonda vya namna hiyo huwapata wanaoshika, mama. Si wanaokula. Erick alishika nini siku zile kabla ya kipaimara?"

Moto ulitoa moshi. Anselmi alianza kusema kitu na Sajenti Saidi akaweka mkono kifuani kwake.

"Alikuja na kisu," Agnes alisema taratibu. "Huyu alimwita. Ng'ombe alikuwa amelala pale chini ya mchungwa, amevimba, anatokwa na damu puani. Huyu alitangulia kumpasua kwa panga, Erick na wenzake wakamalizia. Aliniambia ni nyoka. Aliniambia wamekwenda kumfukia." Alimgeukia mumewe. "Uliniambia mmemfukia."

"Tulimfukia! Huyu anakuchanganya, Agnes. Unaona wanavyofanya?"

"Na Jumatano, kaburini kwa kaka yangu, uliinama ukaniambia sikioni, Castory ndiye. Nikapiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga kelele ya kwanza." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Watu walinyanyuka kwa kelele yangu."

Ndipo Modesta akasikia mbuzi. Banda la miti lilikuwa nyuma ya jiko, na mbuzi mmoja kati ya wale waliokuwemo alikuwa amelala ubavu, miguu imekakamaa, damu nyeusi ikimtoka puani na mdomoni. Damu ile haikuganda. Ilitiririka polepole mpaka kwenye kizingiti, chini ya lango dogo la fito. Lango lilikuwa limefungwa kwa ukanda mweusi wa mpira, na ncha yake iliyoning'inia ilikuwa imetafunwatafunwa.

"Mama, mpira ule umeutoa wapi?"

"Shimo la taka," Agnes alisema. "Niliuona juzi, nikauokota. Mtu anatupaje mpira mzima?"

Anselmi alimsukuma Sajenti Saidi kwa bega. Shoka lilikuwa limechomekwa kwenye gogo la kuni. Alilichomoa akiwa anakimbia, akaelekea langoni. Hakumlenga mtu. Alitaka mpira. Agnes ndiye aliyesimama kati yake na banda, mikono mitupu, lakini Anselmi hakupunguza mwendo. Kisogo cha shoka kilimpata Agnes begani na mfupa ukalia. Alianguka bila sauti. Anselmi aliinua shoka mara ya pili, na safari hii alikuwa anamtazama.

Modesta alimpiga kirungu nyuma ya goti. Alianguka, akageuka akiwa chini, akazungusha shoka pembeni likamchana Sajenti Saidi kiatu na kidole ndani yake. Saidi alimwangukia kwa uzito wake wote. Walibiringika kwenye majivu ya moto. Anselmi alimng'ata Saidi mkono na hakuachia. Modesta alimpiga kirungu kwenye kifundo cha mkono mara moja, mara mbili, mpaka vidole vikafunguka na shoka likabaki peke yake, kisha akampiga mdomoni, na meno yakaachia pamoja na damu. Shati jeupe lilikuwa limekuwa jeusi.

"Pingu," Modesta alisema, akihema.

"Nilikuwa nafukuza mbuzi mgonjwa," Anselmi alisema kwa mdomo uliopasuka. "Andika hivyo."

"Nitaandika kwamba umesema hivyo."

Alikwenda kwa Agnes kwanza. Bega lilikuwa limeshuka, uso umekuwa wa kijivu, lakini macho yalikuwa wazi.

"Umeuchukua?" Agnes aliuliza.

"Bado."

"Uchukue kabla hujanisaidia mimi."

Modesta alivaa glavu mbili, moja juu ya nyingine, na barakoa. Alifungua ukanda langoni bila kuuvuta, akauviringisha ndani ya mfuko. Upande wa ndani ulikuwa bado umeshika umbo la mpini: alama za misumari mitatu, na ufa mmoja mrefu. Panga la Anselmi lililokuwa mezani kwa Judith lilikuwa na ufa kwenye mpini. Kama ni ufa huu, wataupima. Alifunga mfuko, akaufunga tena ndani ya mwingine, kisha akapiga simu kwa bwana mifugo, akamwambia aje na mafuta ya taa ya kumchomea mbuzi, na mtu yeyote asimguse.

* * *

Walirudi Morogoro jua likiwa bado juu ya mashamba. Agnes na Sajenti Saidi walikuwa wameachwa hospitali ya misheni, na daktari alikuwa ameambiwa awape dawa ya kimeta bila kusubiri jibu. Jastin alikaa mbele, karibu na dereva, mkono umeshonwa. Anselmi alikuwa nyuma na konstebo wawili, amefungwa pingu kwa kosa la kumjeruhi mkewe na askari. Hilo lilikuwa na mashahidi. La Castory bado.

Judith alikuwa amebaki anawasubiri. Alitandaza mpira chini ya kioo cha kinga, akakwangua kwa ncha ya sindano mahali ambapo mikunjo ilikuwa imeshika kitu cheusi, akapaka, akakausha, akapitisha juu ya moto. Karatasi. Rangi ya kijani. Mvuke. Modesta alisimama mikono mgongoni, hakuambiwa.

Maji yalipita juu ya kioo. Nyekundu ikaja. Judith alikaa kwenye hadubini.

"Udongo upo," alisema. "Mwingi." Akasogeza kioo kidogo, akasogeza tena. "Na hii hapa."

Modesta aliinama. Kati ya vijiti vifupi na marungu na takataka ya shamba, ilikuwepo minyororo mirefu, pingili kwa pingili, na punje za kijani katikati.

"Ni ile ile ya shingoni."

"Inafanana na ile ya shingoni."

"Judith."

"Nimekwambia ana ndugu zake. Nikisema leo na kesho nikakosea, wakili wa yule mzee atanitafuna mahakamani, na kijana wako atarudi mahabusu." Alichukua sahani mbili za jeli nyekundu iliyotengenezwa kwa damu ya kondoo. Moja aliipaka kutoka kwenye mpira, nyingine kutoka shingoni mwa Castory, akizungusha kitanzi cha waya taratibu. "Kimeta akiota anaota mkavu, mweupe, na damu anaiacha kama ilivyo. Ndugu yake wa udongoni anaiyeyusha, unaona duara limekuwa wazi. Hapo ndipo wanapoachana. Kesho nitajua nusu. Nusu nyingine tutawapelekea wakubwa wa Dar pamoja na mpira, waangalie kama una damu ya binadamu."

Alizigeuza sahani juu chini, akaziingiza kwenye kabati la joto, akafunga mlango. Kisha akamshika Modesta kidevu na kutazama jeraha juu ya jicho.

"Uliligusa hili ukiwa na zile glavu?"

"Hapana."

"Una hakika?"

Modesta aliwaza. "Sina hakika."

Judith alifungua droo, akampa vidonge. "Anza leo."

Nje, Jastin alikuwa ameteremsha kioo cha gari. Nyuma yake, kupitia nyavu, Anselmi alikaa ameinamisha kichwa, midomo iliyovimba ikitembea. Huenda alikuwa anasali.

"Wameona?" Jastin aliuliza.

"Wameona kitu."

"Kitu gani?"

"Kesho."

"Na yeye anasubiri hiyo hiyo kesho?"

"Hiyo hiyo."

Jastin alitazama milima iliyokuwa imeanza kuwa bluu. "Castory yuko kwenye friji siku ya tatu. Mtu wa Lusungi hakubali kunichimbia hata shimo. Wanasema asirudi kule. Nikitoka kesho, nikisema ni mwenyekiti, watanikubali nimzike karibu na mama yetu?"

Modesta alimeza kidonge bila maji, akaingia nyuma ya dereva.

"Tuwapeleke kituo kikuu," alisema. "Vyumba tofauti. Na saa ya kufungua maabara nataka gari liwe hapa."

Dereva aliwasha injini. Jastin alipandisha kioo kwa mkono mmoja, kikakwama katikati, akakiacha hivyo.